Foto za "wezi" na za marehemu mu grupu ya avenyu: tuziache ao tuzikataze?

Baraka_Ndosho (Goma)

Jambo yenu wote. Niko na swali na naomba munijibu na roho safi, juu hii mambo inanikosesha usingizi.

Mimi niko mumoja wa waadmini wa grupu ya WhatsApp ya avenyu yetu hapa Goma, jina ya avenyu naiacha. Grupu tuliianzisha juu ya usalama, hakukuwa sababu ingine. Munajua vile mji ulibakia tangu vita iliuingia mwezi wa kwanza 2025, wafungwa walitoroka gereza ya Munzenze, silaha zikabakia mu mikono ya watu, banki zikafunga na watu wakaanza kuchunga makuta (pesa) ku nyumba ao mu telefone, basi wezi wa usiku wakajua kwa kwenda. Mutu akisikia wanavunja mulango saa nane ya usiku anatuma odio (meseji ya sauti) moja tu, kila nyumba inaamuka, tunapiga masufuria na filimbi, wezi wanakimbia. Hiyo kazi grupu inaifanya na iliokoa watu, sitaikana.

Shida iko ku foto. Mutu anaona kijana amesimama ku kona, anamupiga foto, anaandika chini "huyu si wa hapa, tumufatilie", na mbele hata ya kumuuliza jina yake foto imeshafika mu grupu za kartiye ingine. Hapa karibuni kijana mumoja alipigwa kidogo afe juu ya foto ya namna hiyo. Ni fundi wa televizio. Kiliya (muteja) alimuita, adresi hawakumuelezea vizuri, akazunguka avenyu mara mbili akitafuta nyumba, basi, mutu akamupiga foto kupitia dirisha. Wakati alifika avenyu ya mbele vijana walikuwa wanamungojea na sura yake mu telefone. Kama si mama mumoja mwenye anauzishaka makala pale, alimutambua na akajitupa katikati, wangemuchoma. Na mwenye alipiga ile foto hakuna mutu alimuuliza kitu. Foto yenyewe bado inatembea, juzi niliiona mu grupu ya Kyeshero na maandishi mapya, sasa inasema eti ni mwibaji wa watoto.

Tena kuna foto za marehemu. Mutu anauawa usiku, asubui mbele familia ijue, maiti imeshazunguka mji, sura wazi, damu, nguo zimepasuka. Kuna dada mu avenyu yetu alijua kifo cha bwana yake mu grupu ya koro ya kanisa. Alikuwa anangojea program ya mazoezi ya kuimba, akafungua, akaona.

Nilipendekeza tukataze foto zote za watu. Walinirukia. Wamoja walisema nalinda wezi. Wengine walisema kitu yenye inaniweka mu mawazo mpaka sasa: kwamba bila foto hakuna mutu inje atajua yenye inatupata, kwamba siye masikini ushahidi wetu ni telefone tu. Na hao siwezi kuwaambia wanadanganya.

Sasa tuziache ao tuzikataze? Kama kuna njia ya katikati inapitia wapi? Naomba wenye kujua sheria, wenye kujua hii WhatsApp vile inatumika, na wenye ilishawapata wao wenyewe.

MamaNeema (Goma, natokea Butembo)

Kaka Baraka pole, na umuambie yule dada pole yetu.

Mimi niko muuguzi, na wakati wa Ebola nilikuwa natumika Butembo. Ule ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukamalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020, wagonjwa 3,470 na katika wao zaidi ya 2,280 walikufa. Sitasema ni telefone njo iliwaua, hapana, lakini niliona vile odio moja inafunga mulango wa hospitali. Na watu walikuwa na sababu ya kukosa imani, hiyo tusiifiche. Mwezi wa kumi na mbili 2018 CENI, tume ya uchaguzi, ilisema Beni na Butembo hazitapiga kura siku moja na wengine, juu ya ugonjwa na juu ya usalama, basi watu wakasema munaona, hii Ebola ni ya politike. Miaka yote wanachinjwa hakuna mutu anakuja, leo ugonjwa umeingia na magari zinajaa barabara. Ndani ya ile hasira njo odio zilipata njia. Sauti ya mutu hatumujui, anasema kule ku santre ya kutunza wagonjwa wa Ebola wanatoa watu viungo, wanawachoma sindano ya kufisha. Na foto za mifuko ya maiti, zilipigwa toka mbali, juu ya kibambazi.

Mwezi wa pili 2019 walichoma santre ya Katwa, kisha siku kidogo wakashambulia ya Butembo. Mwezi wa ine walimuua Dkt Richard Mouzoko, munganga wa OMS (shirika la afya duniani) mwenye alitoka Kameruni, ndani ya hospitali ya chuo kikuu. Sisi wenye tulibakia tulikuwa tunavaa nguo za kawaida tukienda kazi, mutu asijue tuko wauguzi.

Sasa kitu yenye nilijifunza na yenye inagusa swali yako. Watu hawakukataa kuona. Walitaka kuona! Wale wa ALIMA, shirika la misaada ya matibabu, walileta vyumba vya plastiki yenye inaonyesha ndani, waliviita CUBE, mama alikuwa anasimama inje, anaona mutoto wake, wanaongea, anamuonyesha chakula yenye alimuletea. Na ku maziko walianza kuacha familia ichague wa kwao washuhudie vile mwili unafungwa na vile unashushwa. Pale waliona na macho yao, makelele ilipunguka. Lakini familia yenye ilishaona muzazi wao mu telefone ya jirani, ndani ya mufuko, na maandishi ya uongo juu, ukienda kuwaongelesha hawakusikii tena, na mimi siwalaumu. Kwa hiyo mimi siulizi kama foto iko mubaya ao muzuri. Nauliza nani aliiona wa kwanza. Maiti iko na wenyewe.

tek_birere (Goma)

Mimi natengenezaka telefone Birere, ngoja nieleze vile hii kitu inatembea juu wengi wanafikiri ukifuta imetoka.

Foto ikishaingia mu grupu ya watu 300 (na grupu moja inaweza kubeba mpaka 1,024), iko mu telefone 300, ku wengi inajiweka yenyewe mu galeri hata hawajaifungua. Admini anaweza kuifuta kwa wote, hiyo ni kweli, WhatsApp ilileta hiyo nguvu 2022, lakini inafuta mu grupu yako tu, yenye ilisharushwa ku grupu ingine huigusi. Na kusema tuandikie WhatsApp waitoe, hawawezi, tangu 2016 meseji zimefungwa toka telefone mpaka telefone, wao wenyewe hawazioni zikipita. Hiyo kufunga mimi naipenda sana na hapa kwetu inaokoa watu wengi, kwa hiyo musinielewe vibaya, ila njo maana hakuna ofisi hata moja duniani yenye itaenda kumutoa yule fundi wa televizio mu zile telefone.

Munajua ule mushale mudogo wenye unaandikwa ya kwamba meseji imetumwa toka kwingine? Ulitokea na vifo. 2018 India watu waliuawa na makundi ya watu juu ya meseji za WhatsApp eti kuna waibaji wa watoto, wageni wenye walikuwa wanapita njia tu. Mwaka ule ule mwezi wa nane, Acatlán kule Mexico, wanaume wawili walichomwa wazima mbele ya polisi juu ya uvumi ule ule. Sawasawa na maandishi yenye umeona mu grupu ya Kyeshero, Baraka, ule uvumi wa watoto unajulikana dunia muzima kwa kuua. Basi WhatsApp ikapunguza, India meseji moja ku watu ao grupu tano kwa mara moja, mwanzo wa 2019 ikawa dunia yote, na mwezi wa ine 2020 ile yenye imeshapita mara nyingi, yenye mishale miwili, unaweza kuirusha ku grupu moja moja tu.

Lakini huku kwetu watu wanaepuka hiyo bila hata kujua. Unachukua foto mu galeri unaituma upya, ao unapiga kapture (foto ya ekra), mushale unapotea, foto inakuwa mupya kabisa na wewe unaonekana njo mwenyewe. Na maandishi ya kwanza hayafuati. Nafikiri njo vile huyu kijana alitoka kuwa "si wa hapa" akawa mwibaji wa watoto, hakuna mutu alikaa chini akapanga uongo, kila mumoja aliongeza neno yake moja.

Kingine, ku odio. Grupu yenu inaamuka usiku juu ya sauti ya mutu munamujua, sindiyo? Tangu 2024 OpenAI ilionyesha programu yenye inaiga sauti ya mutu kwa kusikiliza sekunde 15 tu. Wao walisema hawaiachilii kwa wote, ila ziko zingine za namna hiyo inje. Sekunde 15 ni odio moja ya "jambo mama, umeamukaje". Kwa hiyo odio ya "mutoke wote, wako huku" muichunge na kupiga simu, mupigie mwenyewe mbele ya kutoka na mapanga.

bwalya_droit (Lubumbashi)

Jambo kwenu batu ya Goma, poleni na bintu munapita ndani. Miye niko Lubumbashi, Katuba, nasoma droit (sheria) ku UNILU, iniversite ya Lubumbashi, na nakaribia kumaliza. Huku pia iko vile vile, mwizi akikamatwa ku komini ya Kenya (ya hapa Lubumbashi, haiko inchi) ao ku Katuba, mbele polisi ifike banaisha kumupiga foto, banamuvula nguo, video inaenda. Kwa hiyo haiko mambo ya vita peke yake.

Ku sheria. Katiba ya 2006, artikle ya 17, inasema mutu mwenye banashitaki anahesabiwa hana kosa mpaka tribinali ihukumu ku mwisho. Artikle ya 31 inachunga maisha ya mutu ya ndani na siri ya barua yake. Kisha tuko na Sheria ya Nimeriki (ya mambo ya mitandao), ile ordonansi 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na ndani yake artikle ya 360: mwenye anaanzisha AO anarusha habari ya uongo juu ya mutu mu rezo sosio, anaweza kufungwa mwezi moja mpaka miezi sita na kulipa faranga 500,000 mpaka 1,000,000. Musome muzuri ile neno "anarusha". Batu wengi banaonaka kama siye mwenye aliandika basi haimugusi. Inamugusa. Na kama foto ni ya mutoto kunaongezeka sheria ya 2009 ya kuchunga batoto.

Lakini minaomba musikimbilie kutisha batu na hiyo artikle mu grupu. Ile ile artikle ya 360 iko kati ya zenye balimushitakia mwandishi wa habari Stanis Bujakera, balimukamata mwezi wa kenda 2023 na akatoka mwezi wa tatu 2024. Sheria yenye inaweza kukinga fundi wa televizio inaweza kufunga mwandishi pia, inatokana na nani iko naishika. Miye naona kanuni ya avenyu yenye benyewe bamekubaliana iko na nguvu kuliko kuogopesha mama wa jirani na gereza.

Chef10_Mabanga (Goma)

Nimesoma. Mimi niko shefu wa nyumba kumi na niko na umri, munisamehe kama nasema mbaya.

Wewe binti wa Lubumbashi unasema tribinali. Tribinali ya wapi? Hapa ukikamata mwizi unamupeleka kwa nani? Kesho yake anapita mbele ya mulango yako anakuangalia. Foto njo kitu pekee yenye inamuogopesha, anajua sura yake inajulikana, anahama. Mwaka huu kijana mumoja aliingia nyumba tatu mu kartiye yangu, tulitia sura yake mu grupu, hakurudi. Hakuna mutu alimugusa hata na kidole. Sasa mukikataza foto munatuachia nini? Masufuria?

Kuhusu marehemu niko pamoja na muuguzi. Hiyo ni aibu na hata wazee wetu wangeikataa.

MamaNeema

Papa shefu, shikamoo. Hatukukatalii, na tunajua kazi yenye unafanya usiku, wengi wanalala juu wewe hulali. Ila uliza tena: huyu wa nyumba tatu, mulimujua namna gani? Walimukuta ndani, wenye nyumba walimuona. Yule fundi nani alimuona akifanya nini? Alionekana tu anatembea. Kama grupu haitofautishi hao wawili, siku moja itakuwa mutoto wako mwenye ametoka kumutembelea shangazi ku kartiye yenye hawamujui.

wa_Kalehe (Bukavu)

Naandika toka Bukavu. Natumikaka na watu wenye wanakusanya ushuhuda wa vita kwetu Kalehe, kwa hiyo ile maneno ya Baraka ya "ushahidi wetu ni telefone" mimi naijua toka ndani, na nataka niikae juu kidogo, juu naona watu wanachanganya kurusha na kushuhudia.

Ni kweli telefone imefungua milango yenye ilikuwa imefungwa. Mukumbuke ile video ya Kasaï, kijiji cha Mwanza Lomba, mwanzo wa 2017, askari wanapiga watu risasi wakiwa chini. Serikali ilisema kwanza ni montaje (video ya kutengeneza). Haikuwa montaje, na mwaka ule ule kuna askari walihukumiwa. 2017 tena, korti ya La Haye ilitoa hati ya kumukamata komanda mumoja wa Libya, Al-Werfalli, na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa video zenye zilipita ku mitandao. Kwa hiyo mwenye kusema foto hazina kazi, hapana.

Lakini muone yenye ilifanyika hapa hapa Bukavu. Mwezi wa kenda 2018 tribinali ya kijeshi ilihukumu makomanda wawili wa FDLR, kundi ya waasi wa Rwanda, kifungo cha maisha juu ya mauaji ya 2012 mu vijiji vya Kalehe, na kati ya vitu vyenye waamuzi walikubali kulikuwa foto za makovu ya watu na za makaburi. Foto zenye zilipigwa miaka ikiisha kupita, hazikuwa hata na damu, hazikupita mu grupu hata moja. Walizipiga na programu inaitwa eyeWitness, yenye chama ya wanasheria ya kimataifa IBA ilitoa 2015. Ukipiga nayo, inaandika yenyewe siku, saa, mahali kwa GPS na kwa minara ya simu yenye iko karibu, inapiga hesabu ya namba moja ya ile faili, na mutu akigusa hata nukta moja ya foto ile namba inabadilika, kisha inaificha mbali na galeri na inaituma moja kwa moja ku mahali pa kuihifadhi. Avoka (wakili) wa washitakiwa hakuweza kusimama akasema hii ilitengenezwa.

Sasa linganisheni na foto ya WhatsApp. Ukiituma kama foto, WhatsApp inaipunguza uzito na inatoa zile habari za ndani zenye zinasema ilipigwa wapi na saa ngapi. Ikipita ku watu kumi hakuna mwenye anajua nani aliipiga. Mu kesi, avoka wa mushitakiwa anauliza tu, "hii ni ya wapi?", na munakaa kimya. Na kila mara vita ikianza tunaona foto za inchi ingine, za miaka ingine, zinarushwa eti ni za leo Kivu, kisha mwenye aliua kweli anachukua zile za uongo anasema munaona, hata zingine ni uongo. Mutu mwenye anarusha maiti mu grupu 20 anafikiri anapigania marehemu. Kumbe anatoa wauaji mu mikono ya sheria.

Kwa hiyo kama umeona kitu kizito: usiikate, usiandike juu yake, uchunge ile ya kwanza kabisa, uandike pembeni siku na mahali na nani alikuwa pale, na ukiituma utume ku mutu MUMOJA mwenye kazi yake ni hiyo. Ku WhatsApp usiitume kama foto, utume kama dokima, hivyo inabakia nzima.

Faida_Mugunga (Goma)

Mimi musikataze foto zote jamani. Mutoto wangu alipotea ku soko ya Virunga, iko na miaka ine, hajui hata kusema kartiye yetu. Niliweka foto yake na namba yangu, mbele giza iingie mama mumoja wa Katoyi akanipigia. Kama ingekuwa kanuni ya Baraka sijui ningelala na nini ile usiku.

tek_birere

Mama Faida Mungu asifiwe. Ila niulize, foto uliitoa nyuma ya kumupata?

Faida_Mugunga

Niliandika amepatikana mu grupu yetu. Zingine sijui zilifika wapi. Mpaka leo kuna watu wananipigia, wamoja wanauliza mutoto, wamoja usiku wanaanza maneno ingine ya kunitongoza, na kuna mumoja alijifanya eti iko na mutoto, nimutumie makuta ya motari ku Airtel Money. Na mutoto alikuwa amelala pembeni yangu.

tek_birere

Njo hiyo. Ku watoto mimi naona foto iende lakini na namba ya admini, isiwe ya mama, na uandike JUU ya foto yenyewe siku na mwaka, ukitumia ile kalamu ya ku WhatsApp, juu maandishi ya chini yanapotea lakini yenye iko juu ya foto inatembea nayo. Mutu akiipata nyuma ya mwezi anaona ni ya zamani. Akipatikana unatuma ile ile foto na neno AMEPATIKANA juu yake kubwa, irushwe kwa nguvu ile ile.

Baraka_Ndosho

Aksanti sana kwenu wote, nimesoma hii kurasa mara nyingi na nimeiweka mbele ya waadmini wengine.

Yenye nitapendekeza ku mukutano wa juma pili. Maiti hapana, hakuna hata moja, mwenye anatuma tunafuta na tunamupigia simu, na kama tunamujua marehemu mutu anatumwa ku familia na miguu, si na telefone. Mutoto aliyepotea ndiyo, vile tek amesema. Ku wezi, papa shefu, niko natafuta katikati: mutu mwenye amekutwa ndani ya nyumba ya mutu, na mwenye nyumba anakubali jina yake iandikwe pale kama shahidi, hiyo sura yake ibakie kwa wewe shefu na waadmini, isiingie mu grupu. Mu grupu tunaandika tu mavazi na njia yenye alikimbilia, na ile njo inasaidia usiku, juu saa nane ya usiku mu giza hakuna mutu anaangalia sura. Mutu mwenye amesimama tu ku kona, hakuna foto. Tunaenda watu wawili tunamusalimia, tunauliza anatafuta nani. Na fundi wa televizio nitaomba ruhusa yake mbele ya kuandika mu zile grupu zingine kwamba ni mutu wa kazi, juu pengine hataki sura yake irudishwe tena hata kwa muzuri.

Chef10_Mabanga

Ya maiti nakubali tangu leo. Ya kuenda kumusalimia mutu pia nakubali, zamani njo tulifanyaka hivyo, mugeni anaulizwa.

Lakini kuna kitu hamujaongea. Munasema foto zibakie kwa shefu. Mimi napitaka ku bariere, pale wanasimamisha watu barabarani, kila siku. Wanachukua telefone, wanafungua galeri, wanafungua WhatsApp. Wakikuta sura za watu na ile maandishi ya siku na mahali, watasema mimi niko nani? Nitaeleza nini?

wa_Kalehe

Muzee, hiyo ni swali ya kweli kuliko zote humu na singetaka ujibiwe haraka haraka. Watu wanapigwa juu ya galeri. Kwa hiyo usichunge kitu mu telefone yenye unatembea nayo. Kwa wezi wa kawaida, mimi ningetoa hata ile foto, jina na kosa na mashahidi wawili mu kaye ya karatasi yenye inabakia nyumba inatosha. Kwa mambo makubwa, ya silaha, usiwe wewe. Iwe mutu mwenye haendi ku bariere, ao isiwe mutu hata mumoja hapo avenyu, ijulikane tu nani aliona na aongee siku yenye itawezekana. Zile kesi za Kalehe zilingoja miaka sita, na watu walioongea walikuwa wengi kuliko foto.

Chef10_Mabanga

Kaye niko nayo. Tangu zamani.

Baraka_Ndosho

Basi ya sura za wezi tuitoe mu pendekezo, tuweke kaye. tek, jioni nitapita Birere na telefone za waadmini wote watatu utuonyeshe kuzima ile ya foto kujiweka mu galeri, na utuambie ni ngapi.

tek_birere

Kuja tu kaka. Hiyo silipishi.